Usaili wa Chuo cha Udaktari (2): Vyumba Kumi na Moyo Unaokwenda Mbio

Juma lililopita tuliishia kwenye barua ya maombi. Leo tuingie kwenye usaili wenyewe, ambao huenda ukamshangaza msomaji aliyesomea Tanzania au Kenya, maana huku kwetu anayetaka udaktari huchujwa hasa kwa matokeo ya kidato cha sita au ya KCSE. Mtoto wa ndugu zetu aliyekulia Toronto au Leicester, hata akipata alama za juu kabisa, bado ataitwa akasikilizwe.

Zamani aliitwa mbele ya jopo moja. Likimpenda tangu salamu, mambo yalimnyookea. Likimkinai, hakuwa na pa kukimbilia. Mwaka 2004 Kevin Eva na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, walichapisha utaratibu mwingine, ambao sasa umeenea Kanada, Uingereza na Australia. Mwombaji hupitia vyumba kama kumi, kila kimoja na msaili wake. Mlangoni pamebandikwa karatasi yenye mkasa. Ana dakika 2 za kuusoma, kengele inalia, anaingia, anazungumza kwa dakika 8, kengele inalia tena, anahamia mlango wa pili.

Waasisi hao waligundua kwamba anayeng'ara katika chumba kimoja si lazima ang'are katika kingine. Ndiyo maana wakataka aonekane mara nyingi na watu tofauti. Kwa mwenye wasiwasi, sioni jambo la kumfariji kuliko hili. Ukiboronga chumba cha nne, msaili wa chumba cha tano hana habari. Wengi huumia kwa sababu wanaingia mlango mpya huku bado wanajibu swali la mlango uliopita.

Tuchukue mfano mmoja wa McMaster. Karatasi inasema wewe na mfanyakazi mwenzako mnatakiwa kwenye mkutano muhimu San Diego, nawe umefika kumchukua umpeleke uwanja wa ndege. Unafungua mlango, unamkuta mwigizaji aliyejawa na hofu ya kupanda ndege. Hapo hapana jibu la kukariri. Wapo watakaomtolea takwimu za usalama wa ndege, na wapo watakaotazama saa. Anayetafutwa ni yule atakayevuta kiti, akae, amuulize anaogopa nini hasa, kisha amsikilize hadi mwisho.

Kwa hiyo maandalizi ya kweli ni ya mdomo. Kusoma vitabu vya maadili ya tiba kunasaidia, lakini mtu hujua hoja yake ina matundu anapoisema kwa sauti. Mwombe shangazi au jirani akusomee mkasa, ashike saa, akuhoji bila kukuonea haya. Badilisha wahoji pia, kwa sababu chumbani utakutana na usiowajua.

Na mwili je? Adrenalini huupeleka moyo mbio, hukausha koo na kulowesha viganja, na mwombaji akidhani hizo ni dalili za kutofaa, hofu huzaa hofu. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba waliojiambia wana hamasa walihutubia vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Inaeleweka: moyo unaodunda uko karibu zaidi na hamasa kuliko utulivu. Ukiwa mlangoni, vuta pumzi kwa kiasi na kuitoa polepole zaidi ya ulivyoivuta. Kutoa pumzi namna hiyo hupunguza mapigo ya moyo. Kisha tumia dakika zako 2 kujiuliza nani ataumia katika mkasa huu, na nini hujaambiwa.

Ukikwama katikati ya maelezo, sema tu, "Naomba nifikiri kidogo," unyamaze, ufikiri. Sekunde kumi za kimya ni ndefu kwako; msaili hazimsumbui.

Juma lijalo: maswali ya siri za mgonjwa.