Uchaguzi wa Kitambaa kwa Kazi ya Kuhamisha Michoro kwa Joto la Pasi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, katika shule moja ya msingi ya huku Ufipa, niliwataka wanafunzi wa Darasa la Tano waje kila mmoja na kipande cha kitambaa cheupe kutoka nyumbani. Nilikuwa nimetayarisha somo la kuhamisha michoro kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kitambaa kwa kutumia pasi ya mkaa. Maandalio yangu yalikuwa kamili: madhumuni yameandikwa, zana zimetajwa, muda umegawanywa. Neno "kitambaa" nililiandika peke yake, bila kusema ni kitambaa gani. Msichana mmoja alileta kitambaa ambacho mama yake alijifunga kichwani siku za kwaya. Nilipoweka pasi juu yake kilijikunja, kikatoa harufu kali, kisha kikashikamana na chuma.

Kesho yake mama mwenyewe alifika shuleni. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwalimu, mtoto aliniambia mtakichora. Hakuniambia mtakipika." Nilimwomba radhi na nikamnunulia kingine, lakini kwa muda wote uliobaki wa mwaka ule mtoto yule hakuleta tena kitu cho chote cha nyumbani darasani.

Ndugu mwanachuo, makala hii yahusu neno lile moja nililoliacha bila maelezo.

Hatuna budi kuanza na rangi, maana kitambaa hakiwi kizuri au kibaya peke yake. Hufaa au hakifai kwa rangi fulani. Rangi tunazohamisha kwa joto ni za aina mbili, na aina hizi hutaka vitambaa vilivyo kinyume kabisa. Ya kwanza ni krayoni za kawaida, ambazo ni nta iliyochanganywa na unga wa rangi. Pasi huyeyusha nta, nayo hunywewa na nyuzi za kitambaa pamoja na rangi yake. Pamba hunywa vizuri. Poliesta na nailoni ni laini kama kioo na hazinywi, kwa hiyo nta hubaki juu juu na kubanduka.

Aina ya pili ni rangi wanazotumia mafundi wa mijini wanaopiga picha kwenye fulana na vikombe kwa mashine ya umeme. Rangi hizo zikipata joto la digrii 180 hadi 210 Sentigredi hazipiti katika hali ya umajimaji. Hugeuka mvuke moja kwa moja na kupenya ndani ya nyuzi za poliesta, ambazo kwa joto hilo zimelegea. Zikipoa, rangi imefungiwa humo. Pamba hailegei hivyo, wala rangi hizo hazishikamani nayo; fulana ya pamba tupu iliyopigwa kwa njia hiyo hupauka baada ya kufuliwa mara chache. Kwa hiyo ukimsikia fundi wa Sumbawanga mjini akisema kwamba poliesta ndiyo bora, asema kweli kwa kazi yake. Kwa kazi yako wewe, mwenye krayoni na pasi ya mkaa, ushauri wake utakuharibia somo.

Basi sisi twatafuta pamba. Hapo zamani hili halingekuwa swali gumu huku kwetu. Wasafiri waliopita Ufipa katika karne ya 19 waliwakuta wenyeji wakifuma nguo nzito za pamba, na vitambaa vya kuletwa kutoka pwani, kama vile marekani, vilikuwa vya pamba vilevile. Leo mtoto wa Kaengesa anaweza kuleta cho chote: kipande cha shuka la mtumba, mfuko wa shati la sare, pindo la pazia, hata mfuko wa salfeti uliotoka kubebea mahindi. Vyote ni vyeupe, na kwa macho tu vyaweza kufanana.

Mfuko wa salfeti ukatae mlangoni. Umefumwa kwa plastiki inayoyeyuka kwenye digrii 160 hivi, joto ambalo pasi ya mkaa hulipita bila shida. Nailoni huyeyuka kuanzia digrii 220 hivi na poliesta karibu na 260, lakini zote mbili huanza kulegea na kujikunja kabla ya hapo. Pamba haiyeyuki kamwe. Ikizidiwa na joto huwa ya kahawia, kisha huungua. Bafta na marekani ndivyo vitambaa vyetu vya kwanza. Shuka kuukuu la pamba nalipenda zaidi kuliko bafta mpya, kwa sababu nitakayoieleza. Mashati mengi ya sare ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Hayo yatapokea rangi, ila hafifu, na pasi isiwe kali. Kitambaa ambacho washonaji huita tetroni kiache. Kaniki ni pamba, lakini weusi wake utaimeza rangi yote, maana nta ya krayoni hupenyeka kwa mwanga na haifuniki kilicho chini yake.

Utajuaje kilicho mkononi mwako ikiwa hakina lebo? Chomoa nyuzi chache za mtande na chache za mshindio, kwa kuwa mara nyingine pande hizo mbili si za asili moja. Zisokote pamoja, zishike kwa koleo juu ya kopo lenye mchanga, uziwashe. Pamba huwaka upesi kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini ya kijivu yanayopotea ukiyafikicha. Poliesta na nailoni hujikunja zikiukimbia moto, hudondoka, na huacha kidonge kigumu kisichovunjika kwa vidole. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Ukipata majivu pamoja na vidonge vidogo, ujue ni mchanganyiko. Jaribio hili lifanywe na mwalimu, nje ya darasa, siku moja kabla ya somo. Matone ya nailoni inayowaka hushikamana na ngozi, na mtoto hapaswi kuwa karibu.

Kitambaa kipya kina wanga au dawa nyingine ya kukikazia kiwandani. Wanga huo huziba nyuzi, na mwanafunzi atashangaa kuona mchoro wake ukitoka baada ya kufua mara moja, akidhani kosa ni lake. Kifue kwa maji ya moto na sabuni, kikauke, ndipo kitumike. Hapo pia kitakuwa kimekwisha kusinyaa. Shuka kuukuu limefuliwa mara mia na halina wanga tena. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza, na kwa shule isiyo na fedha ni habari njema. Angalia pia ufumaji wake. Kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, chenye uso sawa, hupokea mistari myembamba; kilicholegea hufaa maumbo makubwa tu.

Pasi ya mkaa haina kipimo, na hapa wengi hukosea. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, uiweke pasi juu yake ukihesabu hadi kumi. Karatasi na pamba zote asili yake ni mimea, kwa hiyo karatasi ikigeuka kahawia, pamba nayo itageuka. Ngoja ipoe kidogo. Usiogope kwamba joto halitatosha: nta ya krayoni huyeyuka kwenye digrii 60 hivi. Kwa sababu hiyohiyo kazi iliyokwisha isifuliwe kwa maji ya moto. Huku juu, kwenye mita 1,800 hivi, maji huchemka karibu na digrii 94 tu, lakini hata hayo yatairudisha nta katika umajimaji.

Mwanafunzi achore juu ya karatasi ya msasa laini, akikandamiza krayoni hadi rangi iwe nzito. Tandika blanketi mezani na gazeti juu yake, kisha kitambaa. Lalia msasa kifudifudi, na mwalimu apige pasi mgongoni mwa msasa kwa nusu dakika bila kuisogeza huku na huku. Hatimaye ondoa msasa, weka karatasi safi juu ya mchoro, upige tena ili nta iliyozidi iondoke. Mchoro utatoka umegeuzwa kushoto kulia. Anayetaka kuandika jina lake aliandike kwanza kwenye karatasi ya kawaida, aishike dirishani upande wa nyuma, na kunakili anachokiona. Kipindi kizima cha hisabati ya ulinganifu kimejificha hapo, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Kabla ya siku ya somo, tengeneza mwenyewe vipande vitatu vyenye mchoro mmoja: cha pamba tupu, cha mchanganyiko na cha poliesta, hiki cha mwisho kwa pasi iliyopoa kidogo. Vifue kwa maji baridi mara tano, ukivianika kivulini. Vitundike ubaoni bila maelezo, na waulize wanafunzi kilichotokea. Ujumbe wa kupeleka nyumbani uandike baada ya hapo, na uwe wazi: kipande cha pamba, kizee, chenye ukubwa wa kiganja viwili, ambacho mzazi hakihitaji tena. Mtoto asiyekuwa nacho apewe kutoka katika shuka la shule. Shuka moja la kitanda lililokatwa vizuri hutoa vipande vya kutosha darasa zima.