Mfalme aliyeoa tena na usukani wa Kanisa

Je, msomaji, mwanamume aliyemwacha mkewe kisha akaoa mwanamke mtalaka anafaa kuwa mkuu wa kanisa? Muulize mzee yeyote wa kanisa kijijini na utapata jibu kabla hujamaliza kuuliza. Lakini huko Uingereza ndivyo mambo yalivyo. Mfalme Charles wa Tatu, aliyetawazwa na Askofu Mkuu wa Canterbury tarehe 6 Mei 2023, ndiye Gavana Mkuu wa Kanisa la Uingereza, na malkia wake ni Camilla, mke wake wa pili.

Usinielewe vibaya. Mfalme hahubiri, habatizi wala hagawi meza ya Bwana. Kazi za madhabahuni ni za maaskofu, nao huteuliwa kwa jina lake baada ya Waziri Mkuu kumpelekea pendekezo. Wala Waanglikana wa Kenya hawako chini yake. ACK ina askofu mkuu wake na sinodi yake.

Ajabu ni kwamba cheo chenyewe kilizaliwa katika vurugu za ndoa. Mfalme Henry wa Nane alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe ili amwoe Anne Boleyn. Papa alipokataa, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1534 iliyomfanya Henry mkuu wa kanisa nchini mwake. Hadi anakufa alikuwa ameoa wake sita!

Kanisa lililoanza hivyo likaja kuwa kali mno kwa watalaka. Mnamo Desemba 1936 Mfalme Edward wa Nane aliacha kiti cha enzi ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ametalikiwa mara mbili. Ufalme ukamwendea ndugu yake, na kutoka kwake ukamfikia yule binti, Elizabeth, aliyekuwa hapa kwetu Nyeri babake alipofariki mwaka 1952.

Aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni Margaret, dadake Elizabeth. Mwaka 1955 aliachana na mpenzi wake Peter Townsend, ambaye kosa lake lilikuwa kwamba alikuwa ameshatoa talaka. Margaret alitangaza kuwa amekumbuka mafundisho ya Kanisa kwamba ndoa haivunjiki. Baadaye alimwoa mtu mwingine, na ndoa hiyo ikavunjika mwaka 1978.

Sasa mtazame Charles. Yeye na Diana walitalikiana Agosti 1996, na mwaka mmoja baadaye Diana akafa katika ajali ya gari jijini Paris. Machoni pa Kanisa, basi, Charles alikuwa mjane. Tatizo lilikuwa upande wa bibi arusi: mumewe wa kwanza alikuwa hai, na Charles mwenyewe alikuwa amekiri kwenye televisheni mwaka 1994 kwamba hakuwa mwaminifu katika ndoa yake.

Kanisa lilikuwa limeanza kulegeza kamba. Mwaka 2002 sinodi yake iliruhusu mtalaka afungishwe ndoa kanisani katika hali za pekee, kasisi akiona inafaa. Hata hivyo, tarehe 9 Aprili 2005 Charles na Camilla walifunga ndoa ya serikali katika ukumbi wa mji wa Windsor, kama vile watu wetu walivyokuwa wakienda kwa DC. Malkia Elizabeth, mama mzazi na Gavana Mkuu wa wakati huo, hakuhudhuria. Alikuja kwenye ibada iliyofuata katika kanisa la St George, ambamo maharusi walisali sala ya kuungama dhambi.

Mimi sioni ubaya mtu aliyetubu kupewa cheo. Ninachokikataa ni mizani miwili. Ikiwa Charles anafaa kuliongoza Kanisa, mbona Kanisa hilo hilo halikuthubutu kumfungisha ndoa? Na Margaret, aliyetii, alilipwa nini?

Mwaka 2018 Harry, mwanawe Charles, alimwoa Meghan Markle, naye pia mtalaka ambaye mumewe wa kwanza yu hai. Ndoa hiyo ilifungwa na Askofu Mkuu wa Canterbury mwenyewe, mle mle katika kanisa la St George.