"Ponder" na Mizani ya Shangazi

Kuna neno la Kiingereza ambalo kila aliyepita shule analijua, na wengi wetu twalifasiri upesi upesi bila ya kulitazama usoni. Neno lenyewe ni "ponder". Muulize kijana wa sekondari maana yake, atakujibu papo hapo: ni kufikiri. Nami nilijibu hivyo hivyo mwaka 1994, na jibu langu likamgharimu mtu nyumba.

Shangazi yangu alikuwa na nyumba yake Majengo, Mombasa, kwa ile hali tuijuayo sisi wapwani: nyumba yako, ardhi ya mwingine, na kodi ya ardhi hulipwa kila mwezi. Barazani akiuza sukari, unga na mchele kwa mizani ya vitanga viwili. Siku moja baada ya adhuhuri ikaja barua ya wakili wa mwenye ardhi, imeandikwa Kiingereza kitupu. Mwenye ardhi ataka kuinunua ile nyumba, bei ni kadha wa kadha, na mwenye nyumba apewa siku 30, ombi likiwa ni hilo hilo neno "ponder". Mimi, kijana niliyejiona nimesoma, nikamwambia: "Shangazi, wanakuomba ulifikirie jambo lao."

Sasa, ndugu msomaji, lisikilize neno hilo kwa sikio la mama wa mjini. Mtu akikwambia "nifikirie", hakutumi ukae uwaze. Akuomba umhurumie, usimtupe. Ndivyo shangazi alivyofahamu. "Wameomba kwa adabu," akasema. "Basi mwanangu, waandikie nimekubali." Kabla ya magharibi jibu lilikuwa limekwisha tiwa dole gumba na kupelekwa. Zile siku 30 hata sikuzitaja.

Asili ya neno hilo ni Kilatini. "Pondus" ni uzito, na "ponderare" ni kuupima. Lilipitia kwa Wafaransa, likaingia Uingereza katika karne ya 14, na kwa Waingereza likahama sokoni likaenda kukaa kichwani. Ukoo wake ni mpana. Mfaransa akitaka kusema "kufikiri" husema "penser", nalo latokana na kitenzi cha Kilatini cha kupima vile vile. Hata pauni, ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa ni shilingi 20, ni jamaa yake wa damu, kwani ilikuwa jina la uzito kabla ya kuwa jina la fedha. Ratili moja ya Kiingereza ndiyo hiyo pauni.

Basi mwenye ku-"ponder" ana vitanga viwili mbele yake. Huku atia jambo, kule atia mawe, kisha angoja mpaka mizani itulie. Asiyengoja hajapima.

Je, sisi tuna neno la kulikabili? Tunayo tele. Kuna kuwaza na kuwazua, kazi ya mtu aliyekosa usingizi. Kuna kuzingatia, ambamo mimi husikia lile "zinga", mtu akilizunguka jambo alione pande zote. Kufikiri na kutafakari yametoka katika shina moja la Kiarabu, lakini hayana uzito mmoja: la kwanza ni la kila siku, la pili lataka utulivu. Tulipokuwa chuoni mwalimu akitukumbusha kuwa kuhifadhi ni kazi ya ulimi, tafakuri ni kazi nyingine. Na Waarabu wana neno jingine, "tadabbur", lenye shina la nyuma na mwisho wa kitu. Maana yake ni kulitazama jambo mpaka kule mkiani linakoishia.

Walimu wengi hupenda kufasiri "ponder" kwa kutafakari. Siwapingi. Ila neno hilo nalo limeanza kuchujuka. Siku hizi redio hukuletea tafakari ya dakika mbili, kisha matangazo ya sabuni. Mimi nachagua kupima. Sisi watunzi twalijua tangu zamani: mshororo wa shairi hupimwa kwa mizani, nane huku na nane kule, na silabi moja ikizidi, sikio lakataa. Kama twaweza kulipima neno kwa silabi, twashindwaje kulipima kwa maana?

Usiku ule, baada ya isha, mjomba alikuja akaisoma nakala ya barua. Hakuniuliza tafsiri. Aliuliza fedha zile zitajenga wapi, juu ya ardhi ya nani, na chumba cha kupanga ni kiasi gani kwa mwezi. Alikuwa akitia mawe kitangani, na mizani ilikwisha ondoka. Asubuhi tulikwenda ofisini kwa wakili, tukaambiwa neno limekwisha. Nyumba ilivunjwa mwaka uliofuata.

Miaka mingi baadaye, katika chumba chake cha kupanga huko Kisauni, nilimweleza shangazi habari ya Kilatini. Ile mizani ilikuwa juu ya kabati, vitanga vimeingia kutu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kumbe walisema nipime," akasema. "Kupima mbona nakujua, mwanangu. Wewe uliniambia nifikirie."