Kompyuta Imesafishwa, Siri Zimeshatoka

Kompyuta ya nyumbani ikianza kuwa nzito, ikimwaga matangazo au kufungua kurasa ambazo hakuna aliyeziomba, mwenye nayo hupewa ushauri uleule: weka antivairasi, ikague, ifute inachokikuta, yaishe. Ushauri huu una historia yake, na kuna miaka ambayo ulitosha. Programu ya kusafisha ya Ad-Aware ilipotoka mwaka 1999 na mwenzake Spybot mwaka 2000, programu nyingi za kijasusi zilimfuatilia mtu ili zimuuzie kitu. Zilirekodi tovuti anazotembelea, kisha zikamjazia matangazo. CoolWebSearch, iliyosumbua wengi tangu mwaka 2003, ilibadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari na kumpeleka mtu kwenye tovuti asizozitaka. Madhara yalionekana kwa macho, na kwa sehemu kubwa yalikuwa ndani ya mashine; ukiyang'oa, umepona. Hali hiyo imepita. Leo anayeona maneno "hakuna tishio" kwenye kioo akadhani amemaliza ameacha nusu ya kazi, tena nusu iliyo nzito.

Programu zinazotamba sasa hazihitaji kukaa. RedLine, iliyojitokeza mwaka 2020, na Lumma iliyokuja baadaye ziliundwa ziingie, zichote, zitume. Zikishafunguliwa hukimbilia kwenye kivinjari na kuchukua nywila kilizozihifadhi, namba za kadi, na yale mafaili madogo ambayo tovuti huyaacha ili ikutambue usilazimike kuingia upya kila mara. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na baadhi ya programu za aina hii hujifuta zikimaliza. Microsoft ilitangaza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei 2025 ilitambua kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows duniani zilizoingiwa na Lumma. Mwenye moja ya kompyuta hizo anaweza kuikagua kesho yake kwa programu bora kuliko zote na isikute kitu, ilhali nywila ya barua pepe yake iko mikononi mwa wanaoziuza. Hata namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu haimkingi sana, kwa sababu aliyeiba yale mafaili ya utambulisho huingia kwenye akaunti kama mtu ambaye tayari yumo.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haifanyiki kwenye kompyuta inayoshukiwa. Itenge na intaneti, kisha kwa simu au kifaa kingine unachokiamini badilisha nywila ya barua pepe kabla ya zote, maana akaunti nyingine nyingi hufunguliwa upya kupitia hiyo. Zifuate za benki na mitandao ya kijamii. Akaunti nyingi zina sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote kwa mpigo. Itumie, kwani hiyo ndiyo inayoyafanya mafaili yaliyoibwa yasifae tena. Kusafisha kunafuata hapo, na kuna sababu moja kubwa: usije ukaziingiza nywila mpya kwenye mashine ambayo bado inasikiliza.

Programu ya ukaguzi hulinganisha mafaili yako na alama za programu mbaya zinazojulikana, na pia hutazama mienendo: nani anasoma hifadhi ya nywila, nani anajipachika ili awake kila kompyuta inapowashwa. Isiposasishwa, inatafuta wezi wa mwaka jana. Ukaguzi wa haraka hupita mahali pachache tu, kwa hiyo kwenye mashine inayoshukiwa fanya ukaguzi kamili hata ukichukua saa kadhaa. Kisha tumia ule wa Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows, unaoiwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows haijaamka, kwa kuwa programu iliyo macho inaweza kujificha. Kinachokutwa kiweke karantini kwanza, usikifute papo hapo. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho bovu la antivairasi ya McAfee liliidhania faili muhimu ya Windows XP kuwa kirusi, na kompyuta nyingi katika nchi mbalimbali zikagoma kuwaka. Mkaguzi naye hukosea.

Lipo jambo moja ambalo kwetu Afrika Mashariki ni zito kuliko yote haya. Kompyuta nyingi hupigwa Windows na fundi kwa flashi yenye programu za kuvunja leseni, na maelekezo ya programu hizo huanza kwa kuamuru antivairasi izimwe, au folda fulani iandikwe kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Orodha hiyo hubaki pale. Ukaguzi kamili unaopita kando ya folda hiyo utaleta jibu safi kila siku, na hautakuwa umedanganya: umetii amri. Basi kabla ya kuanza, fungua mipangilio ya Defender, itazame orodha hiyo, na uondoe usichokijua.

Wapo wanaosema hawaziamini programu zenyewe, na wana ushahidi. Avast, inayotumiwa bure na mamilioni ya watu, ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za tovuti walizotembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Biashara hiyo ilifungwa Januari 2020, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitoza dola milioni 16.5. Kabla ya hapo tume hiyohiyo, mwaka 2008, iliwashtaki waliouza programu ya WinFixer na nyinginezo kwa kuwatisha watu kwa ukaguzi wa uongo. Lakini ushahidi huu haumtumi mtu aache kukagua, unamtaka achague. Defender imo ndani ya Windows bila malipo, nayo ilianza kwa programu ambayo Microsoft iliinunua kutoka kampuni ya GIANT mwaka 2004. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ya bure hukagua unapoiita tu. Antivairasi mbili zinazolinda muda wote hugombana na kuilemea mashine. Na tangazo la kwenye tovuti linalodai limekuta virusi 17 ndani ya kompyuta yako ni la uongo moja kwa moja, kwani ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kukagua mafaili yako.

Anayesema hana cha kuibiwa amewasahau ndugu na marafiki watakaoombwa pesa kwa jina lake. Anayeona ni heri kufomati yuko sahihi pale uchafu unaporudi baada ya kila usafi, ila kufomati hakurudishi nywila iliyokwishatoka, na Windows ikipigwa upya kwa flashi ileile, mgeni anarudi siku hiyohiyo. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la bei, maana leseni halali inaweza kumzidi mtu kipato. Kwa barua, mahesabu na kazi za shule, LibreOffice ni ya bure na ni halali. Na kwenye kompyuta kuukuu isiyoweza kubeba Windows 11, ilhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, mfumo wa Linux Mint huwekwa bila kulipia leseni wala haja ya kuzima kinga yoyote.