Mtaro Kwanza, Lami Baadaye

Barabara za milimani, kama zile za Usangi katika Upare ya Kaskazini, zina adui aliye mkali kuliko lori: maji. Udongo ulio chini ya barabara hubeba mzigo kwa kuwa chembe zake hukandamizana na kusuguana. Maji yakijaa katika nafasi zilizo baina ya chembe, huzisukuma zitengane. Udongo hulegea, na hata lami iliyo juu yake hupasuka. Aidha, kwenye mteremko maji huongeza mwendo na kuchimbua kingo.

Nchini Tanzania fedha za matengenezo hutoka hasa katika tozo ya mafuta, inayoingia katika Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Hata hivyo, mahitaji huzidi mapato. Hivyo hapana budi kuchagua. Mtaro uliozibuliwa kabla ya masika hugharimu kidogo; barabara iliyokatika hugharimu mno, na humzuilia mgonjwa njia ya hospitali.

Wanafunzi, mvua inyeshapo, chunguzeni: maji ya barabara yenu hupita mtaroni, au katikati ya njia?