Mama Mwenye Uchungu Si Mfungwa wa Kitanda: Swali Kutoka Isecheno

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu katika tumbo la mamaye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wasomaji wetu wapenzi, katika safari yetu ya magharibi mwa Kenya tulipita Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ambako misafara ya biashara kutoka huku kwetu pwani ilifikisha Uislamu zaidi ya karne moja iliyopita. Kutoka huko tukaendelea hadi Isecheno, kando ya Msitu wa Kakamega. Mvua ya huko haina mchezo, na njia ya kwenda Shinyalu ikishalowa huwa utelezi mtupu. Tulipomaliza darsa ya akina mama, tuliletewa kikaratasi. Mwenyewe alikuwa binti wa pwani aliyeolewa huko, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa nane.

Aliandika hivi: "Sheikh, shikamoo. Nimeambiwa kwamba mwanamke wa Kiislamu akishikwa na uchungu yampasa alale chali na atulie. Akichutama, akipiga magoti au akitembeatembea, hiyo ni aibu na ni upungufu wa subira. Je, ni kweli? Mimi naogopa, na hapa mama yangu mzazi hayupo."

Tulikisoma mara mbili. Hukumu ya sheria tuliijua, na tukamjibu hapo hapo. Ama habari ya mwili hatukuwa na elimu nayo ya kutosha, basi tuliporejea tuliwauliza wakunga wenye ujuzi kabla ya kushika kalamu. Na tukiri jambo moja: maneno ya namna ile yametoka hata vinywani mwetu sisi wanaume. Mara ngapi tumekaa barazani, mke yumo ndani anataabika, nasi tukatuma ujumbe kwamba atulie na asubiri, kana kwamba subira ni kulala bila kujigeuza?

Bibi Maryam na shina la mtende

Tuanze na kisa tunachokisoma sote katika Sura ya Maryam, aya ya 23 hadi ya 26. Uchungu ulimpeleka Bibi Maryam (A.S.) kwenye shina la mtende. Maumivu na huzuni vilimzidi hata akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa kusema hivyo. Alijiwa na sauti ya kumliwaza, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, kisha ale, anywe na atulize moyo.

Hatudai kwamba aya hizi zimeshuka kuwa kitabu cha tiba. Lakini tazameni: mwanamke mbora wa zama zake alikuwa na kitu cha kushikilia, maji ya kunywa, chakula chepesi na neno la kumpa moyo. Hakuna mahali alipoambiwa alale chali. Basi ni nani kati yetu atakayemwambia binti wa Isecheno kwamba kushika nguzo na kuinama ni aibu?

Sheria inasemaje

Hatujui aya wala hadithi sahihi inayomlazimisha mwenye uchungu mkao wowote, wala inayomtaka alale kuelekea kibla. Kilicho wajibu ni stara kwa kadiri ya uwezo. Kanga mbili au dera pana humsitiri mwenye kupiga magoti kama linavyomsitiri aliyelala. Mkunga mwanamke ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, daktari mwanamume humhudumia kwa dharura, na hufunuliwa kile tu kinachohitajiwa.

Kuhusu Sala, katika madhehebu ya Imamu Shafi nifasi huanza baada ya mtoto kutoka, kwa hiyo mwenye uchungu bado ana Sala juu yake. Lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha Imran bin Huswayn (R.A.) kwamba aswali wima, asipoweza aswali kwa kukaa, na asipoweza aswali kwa ubavu. Ikiwa nguzo ya dini imemruhusu mgonjwa abadilishe mkao wake kwa kadiri ya uwezo, vipi uzazi usimruhusu?

Na yule anayekufa kwa sababu ya uzazi ametajwa katika hadithi kuwa ni miongoni mwa mashahidi. Daraja hiyo ni faraja kwa waliofiwa. Haitupi sisi ruhusa ya kuzembea.

Mwili unavyofanya kazi

Wakunga walitueleza hivi. Mama anapolala chali, uzito wa mtoto na mji wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mama huweza kuona kizunguzungu, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Anaposimama, anapokaa au anapopiga magoti, uzito wa mtoto huelekea chini, nao husaidia mlango wa uzazi kufunguka. Anapochutama, nyonga hupanuka.

Kulala chali kwa kuzaa si desturi ya tangu na tangu. Wamisri wa kale walizaa kwa kuchutama juu ya matofali, na tofali moja la namna hiyo lilifukuliwa Abydos mwaka 2001. Huko Ufaransa, tabibu François Mauriceau alikuwa miongoni mwa walioeneza kujifungulia kitandani katika karne ya 17, jambo lililomrahisishia tabibu kazi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linahimiza kwamba mama asiye na matatizo aachwe atembee na akae wima wakati wa uchungu, achague mwenyewe mkao wa kuzalia, na awe na msindikizaji amtakaye. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2013 yalionyesha kwamba kutembea na kukaa wima kulifupisha hatua ya kwanza ya uchungu kwa takriban saa 1 na dakika 22. Kwa mwenye kuumwa, hiyo si saa ndogo.

Mikao ya kujaribu

Uchungu unapoanza, mama atembee polepole nyumbani au uani. Unapomjia kwa nguvu, asimame, aegemeze mikono ukutani au mabegani mwa msindikizaji, na ayumbishe kiuno taratibu huku akishusha pumzi ndefu.

Akichoka kusimama, akae kwenye kiti kwa kukigeuza, kifua kikiegemea mgongo wa kiti na mto ukiwa katikati. Msindikizaji apate nafasi ya kumkanda kiunoni kwa kiganja au kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Uchungu ukiwa mwingi mgongoni, huenda mgongo wa mtoto umeuelekea mgongo wa mamaye. Hapo mama apige magoti juu ya mkeka wenye godoro jembamba, mikono chini au kifua juu ya mito. Wanawake wanaoswali hawana ugeni na mkao huu, kwani magoti yao huujua kila siku.

Akihitaji kupumzika, alale kwa ubavu, hasa wa kushoto, na mto katikati ya magoti. Mkao huu unafaa hata wakati wa kusukuma, kwa aliyechoka sana.

Wakati wa kusukuma, anaweza kuchutama huku ameshikwa, kupiga magoti au kulala ubavu, kwa kupatana na mkunga. Tusifiche upande wa pili: tafiti zimeonyesha kwamba kuzaa wima hupunguza kuongezewa njia kwa kukatwa, lakini huenda damu ikatoka zaidi kidogo. Ndiyo maana mkunga awepo.

Baina ya uchungu na uchungu, anywe maji, ale kitu chepesi kama tende ikiwa wauguzi hawakumkataza, na aende haja ndogo mara kwa mara, kwani kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka.

Kituo cha afya, si msituni

Haya yote si ruhusa ya kuzalia nyumbani. Mnamo Juni 2013 serikali ya Kenya ilitangaza kujifungua bila ada katika vituo vya umma, na mwaka huo huo Kaunti ya Kakamega ilianzisha mpango wa kuwasaidia kwa fedha akina mama wasiojiweza wanaohudhuria kliniki. Mama wa Isecheno, kama mama wa kisiwani Lamu, ajue mapema nani atamchukua, kwa chombo gani, na njia ipi hupitika mvua ikinyesha usiku. Akiwa kliniki, aulize: "Nikizaa hapa, naweza kuchagua mkao?" Kuuliza kwa adabu si ukaidi.

Lakini zikionekana dalili hizi, habari ya mkao iachwe, mama akimbizwe hospitali: damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa, maji ya chupa yenye rangi ya kijani au harufu mbaya, mtoto kuacha kucheza, au uchungu kuzidi saa 12. Kamba ya kitovu ikitangulia, mama apige magoti, kifua chini na makalio juu, asafirishwe hivyo hivyo bila kuchelewa.

Kwenu akina baba na mama wakwe

Waume, msikae barazani mkituma salamu za subira. Lipeni nauli mapema, jazeni chupa ya maji, na mkiruhusiwa kuingia, toeni bega lenu liegemewe. Mama wakwe, yule ni binti wa watu aliyeachwa mikononi mwenu. Mwacheni apige magoti, mwacheni alie, kisha mwambieni neno la kumtuliza. Subira ni moyo kutokata tamaa na rehema za Mola wake, na moyo huo waweza kukaa ndani ya mwili unaotembea na mdomo unaolia.

Tulipokuwa tukiondoka Isecheno, binti yule alitufuata hadi barabarani pamoja na mama mkwe wake. Mama mkwe akasema, "Sheikh, mimi ndiye niliyemwambia. Na mimi ndivyo nilivyoambiwa." Tukamjibu kwamba basi asimame hapo, mwingine asiambiwe tena. Akamshika mkono mkaza mwanawe, wakarudi polepole, kwani njia ilikuwa na utelezi.

Ewe Mola wetu, wasahilishie akina mama wote uzazi wao, uwalinde wao na watoto wao, na utujaalie sisi tuwe msaada wao. Amin.