Faida ya Mfano wa Jengo

Wasikilizaji, mwanafunzi wa usanifu wa majengo hafundishwi kuchora tu. Mara nyingi huambiwa atwae kipande kimoja cha jengo, kama vile mahali boriti inapokutana na nguzo, akitengeneze kwa mbao, karatasi ngumu na uzi. Huenda mtu akadhani huo ni mchezo wa watoto. Sivyo, na sababu yake ni hii.

Katika mji wa Kansas City, Marekani, ilifunguliwa hoteli kubwa mwaka 1980. Ukumbini mwake madaraja ya kupitia watu yalining'inia kwa vyuma kutoka paani, moja juu ya jingine. Katika ramani ya kwanza, kila chuma kilikuwa kimoja kirefu: kilipenya daraja la juu, kikashuka mpaka la chini, na kila daraja lilikaa juu ya nati yake. Lakini kuifikisha nati katikati ya chuma kirefu ni kazi ngumu. Basi chuma kikagawanywa: cha kwanza kikaishia daraja la juu, na cha pili kikaanza katika daraja lilo hilo kwenda la chini. Katika karatasi badiliko hilo lilionekana dogo.

Walakini, fikirini watu wawili wanaoning'inia kwa kamba moja. Kila mmoja akiishika kamba mwenyewe, mikono yake huchukua uzito wake tu. Yule wa chini akiiacha kamba na kushika miguu ya mwenziwe, je, mikono ya wa juu haichukui watu wawili? Ndivyo ilivyopata boriti ya daraja la juu. Nayo tangu ramani ya kwanza haikufikia nguvu iliyotakiwa na sheria. Tarehe 17 Julai 1981, watu wakiwa katika dansi, nati zikaichana boriti zikapenya, madaraja yakaanguka, na watu 114 wakafa.

Jaribuni wenyewe. Tobosheni vipande viwili vya karatasi ngumu, pitisheni uzi mmoja katika vyote, fungeni fundo chini ya kila kimoja, kisha tundikeni vijiwe sawasawa. Halafu fanyeni mfano wa pili, uzi wa chini ukianzia katika karatasi ya juu. Ongezeni vijiwe kidogo kidogo, nanyi mtaona karatasi ya juu ikichanika kwanza.

Kalamu hupitisha mstari pasipo kuhisi uzito. Mkono unaotengeneza mfano huuhisi, na kosa hujulikana wakati linapogharimu karatasi na uzi tu.